Jinsi ya Kueleza Uonevu Kazini Ukaeleweka

Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara jijini Mwanza akisema tu kwamba msimamizi "ananisumbua", mara nyingi hupuuzwa. Aanze na sitiari inayobeba hali nzima: "Nimezungushiwa kokoro, na kila siku kamba inavutwa kidogo." Kokoro ni wavu mrefu unaokokotwa kwa kamba hadi ufukweni; aliyekulia mwaloni, wavuvi wanapoteremsha samaki, ataelewa papo hapo kwamba halalamikii ugomvi wa siku moja, bali mbano unaoendelea. Ningeepuka sitiari za vita, kwa kuwa humfanya anayeonewa aonekane mgomvi. Kisha, kwa sababu sitiari si ushahidi, aandike tarehe, mashahidi na maneno yenyewe: aliitwa "mzigo" mbele ya wenzake, akanyimwa glavu. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unagusa hata tukio la mara moja.