Namna ya kuipima tovuti ya fundi umeme kabla ya kumwita nyumbani

Mtu aliyehamia mtaa mpya Dar es Salaam au Dodoma, ambaye bado hana jirani wa kumuuliza, siku hizi humtafuta fundi umeme kupitia simu yake. Atakutana na tovuti kadhaa, na kila moja itamwambia kwamba mafundi wake wamebobea, ni waaminifu na wanafika kwa wakati. Maneno hayo yeyote anaweza kuyaandika. Ubaya ni kwamba kazi mbovu ya umeme haionekani kwa macho, kwa kuwa waya hufunikwa na plasta, na kosa hujitokeza miezi mingi baadaye, soketi inapoanza kuyeyuka au mtoto anapogusa friji na kupigwa shoti. Kwa sababu hiyo tovuti isipimwe kwa uzuri wake. Ipimwe kwa mambo inayoyataja ambayo wewe mwenyewe unaweza kwenda kuyahakikisha mahali pengine.

Anza na leseni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganywa. Nchini Tanzania kazi ya kufunga mifumo ya umeme katika majengo inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji; leseni hiyo hutolewa kwa madaraja ya herufi, daraja A likiwa ndilo pana kuliko yote. Tovuti nyingi hazitaji leseni hiyo, bali huandika kwa herufi kubwa kwamba kampuni "imesajiliwa rasmi", na chini yake huweka picha ya cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Cheti hicho kinathibitisha kwamba jina la biashara au kampuni limeandikishwa, basi. Muuza nguo na fundi umeme hukipata kwa utaratibu uleule. Namba ya mlipakodi ya TRA nayo inahusu kodi peke yake. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kina uzito zaidi, kwani kinaonyesha kwamba mtu amesomea ufundi na akafaulu, lakini hakichukui nafasi ya leseni ya kufanya kazi hiyo. Tafuta namba ya leseni, daraja lake, jina la mwenye leseni na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha ulinganishe na orodha ya wenye leseni inayotolewa na EWURA, au uwapigie simu uwaulize. Picha ya leseni iliyofifia kiasi kwamba namba haisomeki ihesabu kuwa haipo.

Kwa nyumba mpya jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja. Maombi ya kuunganishiwa umeme na TANESCO yanahitaji uthibitisho wa mkandarasi mwenye leseni aliyefanya wayaringi. Fundi asiye na leseni atalazimika kuazima muhuri wa mwenzake ambaye hajawahi kuiona nyumba yako, na siku hitilafu ikitokea hutajua umdai nani.

Baada ya leseni, zitazame picha bila haraka. Mwaka jana nilimsaidia dada yangu kuchagua fundi wa kubadilisha nyaya za nyumba ya zamani, na tovuti iliyompendeza ilikuwa na picha safi za "kazi zetu za hivi karibuni". Nilipoikuza picha ya tatu niliona soketi yenye matundu mawili membamba yaliyosimama na tundu la mviringo chini yake. Hiyo ni soketi ya Marekani. Soketi zetu, sawa na za Uingereza, zina matundu matatu ya mstatili, na mara nyingi swichi huwa pembeni yake. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao na jasi, nyaya zikipita katikati ya nguzo za mbao, ilhali huku kwetu fundi hutindua tofali, akapitisha bomba la plastiki, kisha akaziba kwa plasta. Picha hiyo haikupigwa Tanzania. Tulipowauliza walijibu kwamba ni "mfano tu", na dada akatafuta fundi mwingine.

Nawe fanya vivyo hivyo. Tafuta mita ya LUKU ukutani, tofali lililotinduliwa, main switch yenye vumbi la saruji, na sura ya fundi yuleyule katika picha zaidi ya moja. Picha iliyopigwa kwa simu, yenye kivuli cha mpigaji, mara nyingi ina ushahidi mwingi kuliko picha inayong'aa. Ukiwa na shaka, itafute picha hiyo kwa Google Lens, zana ya kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha; ikiwa inaonekana pia katika tovuti za nchi nyingine, umepata jibu.

Umri wa tovuti unafaa kuangaliwa, ila kwa haki. Taarifa za usajili wa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, zinazopatikana kupitia huduma ya WHOIS, huonyesha tarehe lilipoandikishwa. Fundi anaweza kuwa amefanya kazi miaka 15 na akafungua tovuti mwezi uliopita, na hilo si kosa. Lakini tovuti ya mwezi mmoja yenye maoni ya wateja ya miaka mitano iliyopita inapaswa kueleza maoni hayo yametoka wapi. Maoni ya kweli huwa na mambo madogomadogo: mtaa, aina ya kazi, hata lalamiko kwamba fundi alichelewa. Sifa tupu zilizoandikwa kwa mtindo mmoja zisikushawishi. Alama ya kufuli karibu na anwani ya tovuti nayo inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa ili mtu mwingine asiyasome njiani, na vyeti vya kuiwezesha hupatikana bure. Haisemi lolote kuhusu tabia ya mwenye tovuti.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine, baada ya leseni, ni kufanana kwa majina. Jina lililo kwenye tovuti, jina la kwenye leseni, jina linalojitokeza unapotaka kulipa kwa Lipa Namba na jina la kwenye risiti yanapaswa kumhusu mtu au kampuni ileile. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, lisome. Likiwa la mtu usiyemjua, simamisha malipo na uulize. Vilevile, gharama za kuunganishiwa umeme hulipwa TANESCO kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo tovuti inayotaka gharama hizo zitumwe kwenye simu ya fundi isiaminiwe kabisa.

Mwishowe piga simu, na usianze na bei. Muulize ataipimaje ethi (njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) baada ya kumaliza kazi, na atatumia waya wa ukubwa gani kwa jiko la umeme. Fundi anayeijua kazi yake atakurudishia maswali: jiko lina wati ngapi, liko umbali gani kutoka main switch, nyumba ilijengwa lini. Anayejibu kwa haraka kwamba "hiyo tuachie sisi" hajakupa jibu.

Mkikubaliana, omba makadirio yaliyoandikwa, yenye aina na idadi ya vifaa, na upige picha za skrini za kurasa zinazotaja bei na dhamana, tarehe ikionekana. Kurasa hubadilishwa, na ahadi ya dhamana ya mwaka mmoja iliyokuwapo siku ulipolipa inaweza isiwepo siku utakapoihitaji.