Jinsi ya kuchagua mji wa kale wa Italia wa kutembelea kwa treni kwa siku moja, ukianzia Bologna

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyefika Bologna kwa masomo, kwa mkutano au kumtembelea ndugu, akabakiwa na siku moja tupu, na anataka kuona mji mmoja wa kale kisha arudi kulala palepale. Wageni wanaoniomba ushauri huuliza kwanza ni mji upi ulio maarufu zaidi. Mimi huwauliza treni yenyewe inapita wapi na stesheni iko umbali gani kutoka katikati ya mji, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayoamua siku itakwendaje. Bologna inafaa kuanzia safari za namna hii kwa kuwa hapo ndipo reli za kutoka Milano, Venezia, Firenze na pwani ya Adria zinapokutana.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa muda

Chagua mji unaofikika kwa muda usiozidi saa moja na nusu, kwa treni moja, bila kubadilisha njiani. Firenze na Venezia huziondoa kwenye orodha mapema, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu kila mmoja unadai siku kadhaa na watu ni wengi mno.

Hatua ya 2: Tazama stesheni ilipo

Fungua ramani na upime umbali wa kutembea kutoka stesheni hadi uwanja mkuu wa mji. Miji mingi ya kale ya Italia imejengwa vilimani, na reli hupita bondeni. Stesheni ya Assisi iko Santa Maria degli Angeli, kilomita kadhaa kutoka mji wenyewe; Orvieto hufikiwa kwa gari la kamba linalopanda mlima; San Gimignano na Urbino hazina treni kabisa. Reggio Emilia ina stesheni mbili, na ile ya treni za mwendokasi iliyosanifiwa na Santiago Calatrava iko nje ya mji. Modena, Parma, Ferrara na Ravenna ziko kwenye tambarare, na zote nne hutembelewa kwa miguu tangu unaposhuka.

Hatua ya 3: Amua unataka kuona nini, kisha chagua mmoja

Anayependa makanisa ya mawe na michongo aende Modena, chini ya nusu saa kwa treni. Ujenzi wa kanisa kuu ulianza mwaka 1099 chini ya msanifu Lanfranco, na michongo ya Wiligelmo iko ukutani mbele, kwenye kimo cha kusomeka bila darubini. Parma, mwendo wa kama saa moja, ina jengo la ubatizo la pembe nane lililoanzwa mwaka 1196, pamoja na kuba la kanisa kuu lililochorwa na mchoraji Correggio. Ferrara ni ya mwenye kupenda baiskeli: ngome ya ukoo wa Este, waliokuwa watawala wa mji, iliyoanzwa mwaka 1385, bado imezungukwa na maji, na kuta za mji zina urefu wa kilomita tisa hivi.

Ukiniuliza mimi, nenda Ravenna. Mwaka 402 makao ya Dola ya Roma ya Magharibi yalihamishiwa huko, na majengo manane ya karne ya tano na ya sita yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996. Jengo linaloitwa kaburi la Galla Placidia, binti wa mfalme wa Roma, ni dogo, la matofali ya kawaida, na kwa nje halimshawishi mtu kusimama. Ndani, madirisha yamezibwa kwa mabamba membamba ya alabasta, jiwe linalopitisha mwanga, badala ya vioo, hivyo mwanga unaoingia ni hafifu, wa rangi ya asali. Ngoja kidogo macho yazoee, nawe utaona dari lote la buluu iliyokolea, limejaa nyota za dhahabu zilizopangwa kwa vipande vidogo vidogo vya mozaiki. Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la San Vitale, ambalo ukutani mwake, kwa mozaiki, wamesimama Mfalme Justiniano wa Roma ya Mashariki na mkewe Malkia Theodora pamoja na watu wao. Mshairi Dante, aliyefukuzwa Firenze, alifia Ravenna mwaka 1321, na kaburi lake liko humo humo mjini. Nafasi ya kuingia kwa Galla Placidia hutolewa kwa muda maalumu, kwa hiyo iagize mtandaoni kabla ya kununua tiketi ya treni.

Hatua ya 4: Hakikisha siku

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na makanisa mengi hufungwa mchana kwa saa kadhaa. Soma tovuti ya jengo lenyewe.

Hatua ya 5: Tiketi, ubao na jukwaa

Hapa ndipo siku za watu wengi huharibika, kwa hiyo soma polepole. Kwa miji yote minne nunua tiketi ya treni ya mkoa (*regionale*), ile ya kawaida isiyo ya mwendokasi. Bei yake haipandi hata ukinunua dakika za mwisho, na sioni sababu ya kulipia treni ya mwendokasi kwa safari fupi kiasi hicho.

Msafiri aliyezoea SGR, ambako tiketi ina jina, behewa na namba ya kiti, atashangaa kwamba tiketi hii haina kiti. Ukiwa na ya karatasi, ni lazima uigonge muhuri kabla ya kupanda, katika kimashine kilichofungwa ukutani au karibu na jukwaa. Ingiza tiketi hadi usikie mlio, kisha isome kuona kama tarehe na saa zimetokea, maana wino wakati mwingine umekauka. Mashine ikiwa mbovu, andika kwa kalamu tarehe, saa na jina la stesheni, kisha umtafute mkaguzi kabla hajakutafuta wewe. Tiketi ya simu haigongwi, lakini nayo huthibitishwa kwa simu kabla ya kupanda. Mwenye tiketi isiyothibitishwa hutozwa faini hata kama ameilipia.

Ubao wa kusoma ni ule ulioandikwa *Partenze*, yaani treni zinazoondoka. Huandika kituo cha mwisho, si mji wako: treni ya Ferrara mara nyingi huitwa Venezia Santa Lucia, na ya Modena au Parma huitwa Piacenza au Milano. Ravenna inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu treni za Rimini hupita njia mbili. Nyingi hupita Faenza na Forlì bila kugusa Ravenna kabisa. Unayoitaka wewe hupita Lugo. Tafuta jina hilo katika orodha ya vituo, na usipoliona, usipande. Saa za ubaoni ni za mtindo wa ishirini na nne, kwa hiyo 15:06 ni saa tisa na dakika sita alasiri.

Mwisho, jukwaa. Stesheni ya Bologna ina namba za kawaida, ina majukwaa ya chini ya ardhi ya treni za mwendokasi, na pembeni ina majukwaa yenye namba zinazofuatwa na neno *Est* au *Ovest*, yaani mashariki au magharibi. Jukwaa 3 na jukwaa 3 Ovest ni mahali pawili tofauti, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa dakika kadhaa. Usitoke nyumbani kwa hesabu ya dakika tano.

Hatua ya 6: Panga kurudi kabla ya kwenda

Piga picha ratiba ya kurudi mara tu unaposhuka, na ulenge treni ya pili kutoka mwisho badala ya ile ya mwisho. Tazama pia kama siku hiyo kuna mgomo, *sciopero*, ambao kwa kawaida hutangazwa mapema. Siku za kazi, hata mgomo ukiwapo, baadhi ya treni za mkoa hulazimika kutembea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku.