Somo: Mahindi yakigeuka zambarau, chimbua mzizi kwanza

Habari za shamba, ndugu wanachama. Kila Januari, mvua zikishashika, picha ninazotumiwa ni zile zile: mche wa mahindi wenye majani manne au matano, kingo zina rangi ya zambarau iliyokolea, na chini yake swali, "Ninunue mbolea gani?" Leo naomba tusianzie dukani.

Rangi hiyo ni anthosiyanini, ndugu na ile inayotia weusi ganda la zabibu zetu za Dodoma. Jani hutengeneza sukari mchana, na sukari hiyo hutakiwa ishuke kwenye mizizi na kila panapokua. Isipopata pa kwenda hujaa jani, na jani lililojaa sukari ndilo linalotengeneza rangi. Zambarau basi inakuambia sukari imekwama. Haikuambii kilichoikwamisha.

Hatua ya 1: Tazama ni jani lipi. Kinachoshukiwa kwanza huwa ni upungufu wa fosforasi, kirutubisho kimojawapo kikuu cha mmea. Mmea ukiikosa, huinyang'anya majani ya zamani na kuyapa machanga. Kwa hiyo upungufu wa kweli huanzia majani ya chini, nchani na kingoni, na mche unadumaa. Kama rangi iko shinani tu na mche una nguvu, mara nyingi ni asili ya mbegu. Uache.

Hatua ya 2: Chimbua. Hatua hii wengi tunairuka, na mimi nililipia. Msimu mmoja kule Chamwino nilipuliza mbolea ya majani mara mbili kwa ushauri wa duka moja la pembejeo. Rangi haikuondoka. Nilipochimbua mche kwa jembe, taratibu, na kuung'uta udongo, nikaona mizizi imeshuka kama upana wa kiganja, kisha yote imekunja kwenda pembeni, kana kwamba imegonga sakafu. Na kweli ilikuwa sakafu: miaka yote tumelima kwa plau ya ng'ombe, kina kile kile, na chini yake udongo umeshindiliwa ukawa tabaka gumu. Mzizi uliofungiwa hivyo hauwezi kufuata chakula, hata kikiwepo. Chimbua miche mitano sehemu tofauti. Tafuta pia mizizi iliyotafunwa na wadudu, iliyokatwa na palizi ya karibu mno, au iliyooza kwa maji yaliyotuama.

Hatua ya 3: Mizizi ikiwa mizima, sasa ishuku fosforasi na upime udongo. Udongo wenye tindikali kali huifunga fosforasi, na wenye chokaa nyingi huifunga pia. Fosforasi haitembei udongoni kama nitrojeni. Ukiitupa juu, inabaki juu. Dawa yake ni siku ya kupanda: kifuniko kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) kwa shimo, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbegu isigusane na mbolea.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nilipanda bila mbolea, sasa ni wiki ya tatu. Niweke Urea?*
Marahaba mama. Urea ina nitrojeni tu, haitatibu hilo. Toboa kitundu kando ya mche, weka DAP, fukia, udongo ukiwa na unyevu. Haitafanya kazi kama ile ya kupandia, lakini ni bora kuliko kukaa.

*Nyanya zangu za kumwagilia, upande wa chini wa majani umekuwa zambarau. Ni Julai.*
Kipupwe hicho, kaka. Udongo ukipoa, mizizi huvuta fosforasi kwa shida. Joto likirudi, tazama majani mapya kabla hujatoa hela.

*Mtama wangu una madoa ya zambarau jani zima.*
Mtama hutoa rangi hiyo unapojeruhiwa. Geuza jani, tafuta vidukari au alama za ugonjwa.

*Mahindi yamekomaa, lakini machache yamekuwa mekundu-zambarau katikati ya mengine.*
Yapapase. Utakuta hayakubeba hindi, au shina limevunjika ama kutobolewa. Sukari imekosa pa kuhifadhiwa.

*Nasikia hata bangi kuna ya zambarau. Nayo ni mbolea?*
Rangi ni ile ile, ila kule chanzo kikuu ni urithi wa mbegu. Usiku wa baridi mwishoni mwa maua huidhihirisha, kijani kikipungua. Kuilima nchini ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015, kwa hiyo somo la kuilima sitoi.

*Hilo tabaka gumu linavunjwaje, trekta sina?*
Ripa (jembe la ncha la kupasua udongo) ya kukokotwa na ng'ombe inatosha, upite kiangazi udongo ukiwa mkavu ili tabaka lipasuke. Ukikosa ripa, chimba mashimo ya kupandia yapite hilo tabaka, ujaze samadi iliyooza. Mimi nilianza na robo eka, kwa sululu. Na ukituma picha mwakani, tafadhali nitumie ya mzizi.