Acha kupiga kalenda, maliza rasimu ya kwanza ya kitabu chako

Dodoma hii imejaa watu wenye vitabu nusu. Kaa Nyerere Square jioni, ropoka tu kwamba unaandika kitabu, lazima mtu wa benchi la pembeni adakie na mimi ninacho changu, kiko kwenye laptopu, nimefika sura ya tatu, nasubiri tu nipate nafasi. Nafasi yenyewe ndo haiji. Hebu angalia mwaka wa mtu wa huku ulivyo: Desemba mpaka Machi mvua ikinyesha nusu ya mji inakimbilia Bahi, Chamwino na Kongwa kwenye karanga, alizeti na mtama, Januari hapohapo kuna ada na sare za watoto, Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti na watumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wanarudi nyumbani usiku, ikitoka hapo ni mavuno na michango ya harusi, mwenye zabibu naye anavuna mara mbili kwa mwaka, ukigeuka ni Desemba tena. Kwa hiyo kama unasubiri mwezi mtupu ndo uandike, mwezi huo haupo, na ukikubali hilo leo umeshapunguza nusu ya kazi.

Alafu acha kujiita mvivu. Watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha mambo siyo hasa suala la kushindwa kupanga muda, ni namna ya kukimbia hisia mbaya ambayo kazi inakuletea, unapata unafuu sasa hivi na mzigo unamwachia wewe wa kesho. Jichunguze uone. Kuandika kwenyewe hukuogopi, mbona kwenye grupu la WhatsApp unashusha aya nne za kubishana Simba na Yanga bila hata kupumua. Unachokikimbia ni ile dakika unarudi juu, unasoma ulichoandika jana, unakiona kibovu, moyo unakufa, unafunga laptopu unasema nitaendelea Jumatatu. Sasa kama ugonjwa uko kwenye kusoma, dawa yake ni rahisi kuitaja na ngumu kuifuata: rasimu ya kwanza usiisome mpaka iishe. Mengine yote ninayoandika hapa chini ni ya kukusaidia uweze hilo moja.

Kabla hatujafika huko, futa kwanza kazi za uongo. Nazijua na wewe unazijua. Kutengeneza kava la kitabu ambacho hakijaandikwa. Kuandika ukurasa wa shukrani. Kubadilisha fonti. Kuulizia ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, ambayo hapa kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na ni ya kitabu kinachokwenda kuchapwa, kwenye rasimu haikusaidii chochote. Kuhudhuria semina ya uandishi ya tatu mwaka huu. Kusoma makala za namna ya kuandika, na naomba unisamehe, hii nayo imo, ukiimaliza kafanye kazi. Ubaya wa hizi kazi ni kwamba zinachosha kama kazi halali, unalala umeridhika kabisa na kitabu hakijasogea hata mstari mmoja.

Haya tuje kwenye hesabu maana watu wengi wanaogopa kitabu kwa sababu hawajawahi kukipigia hesabu. Chukua riwaya fupi ya heshima, maneno 40,000. Ukiandika maneno 250 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki moja inakupa 1,250, na wiki 32 umefika, yaani kama miezi saba na nusu ukiwa na kazi yako, watoto wako na misiba yako yote. Na maneno 250 ni kama nusu ukurasa wa A4 ukichapa mistari iliyobanana, ni chini ya zile aya zako za Simba na Yanga. Ukiandika kwa mkono kwenye kauntabuku, hesabu maneno ya ukurasa mmoja wa mwandiko wako mara moja tu, ukishajua wako unakula maneno mangapi basi kuanzia hapo unahesabu kurasa, usijisumbue na neno mojamoja.

Ila usijipangie maneno 2,000 kwa siku kwa sababu umesikia kuna mtu Marekani anaandika hivyo. Siku ya kwanza utafikisha, ya pili utafikisha kwa shida, ya tatu utakosa, ya nne utaona aibu hata kufungua faili. Bora kiwango ambacho hata ukirudi umechoka, umeme umekatika na mtoto ana homa bado unaweza kukifikisha ukiwa umekaa kitandani na simu. Na kwa siku mbaya kabisa weka kiwango cha chini yake, maneno 50, sentensi tatu nne, ilimradi kitabu kisilale bila kuguswa.

Kuhusu saa ya kuandika kuna mfano mmoja naupenda. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa posta, siyo mtu wa kukaa nyumbani kusubiri maono. Alikuwa anakaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, anaweka saa mbele yake, anajidai maneno 250 kila robo saa, na alikuwa anamlipa mtumishi wake hela ya ziada kwa mwaka ili kazi yake iwe kumwamsha na kumletea kahawa. Akimaliza anajiandaa anaenda ofisini. Kwa mtindo huo akaacha riwaya 47. Sasa wewe huna mtumishi, pengine wewe ndo unawaamsha wengine na ndo unayebandika chai, na alfajiri ya Julai hapa Dodoma kwa ule upepo na ile baridi mtu hatoki kwenye blanketi kirahisi. Ila kanuni yake unaweza kuichukua, muda ule ule, kabla dunia haijaanza kukudai. Kuna kitu kimoja simfuati: yeye alianza kwa kusoma kazi yake ya jana nusu saa nzima. Trollope alikuwa ameshaandika vitabu, ngozi yake ngumu. Wewe ndo kwanza unaandika cha kwanza, ukisoma ya jana leo huandiki.

Kama alfajiri haiwezekani basi tafuta kitu ambacho tayari unakifanya kila siku na ukibandike kuandika hapohapo nyuma yake. Mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nafanya hivi" anatekeleza zaidi kuliko yule aliyejiambia tu nitajitahidi. Kwa hiyo usiseme wiki hii nitaandika. Sema nikishaswali alfajiri nakaa kwenye kile kiti naandika, au nikishapanda basi la Mtumba na kupata siti nafungua simu naandika mpaka nishuke. Safari ya kwenda Mtumba na kurudi kila siku ni muda ambao watu wanautupa TikTok. Na ukiwa unaenda Dar kwa treni ya SGR ndo kabisa, unakaa kama saa nne hivi kwenye kiti kizuri hakuna anayekutuma dukani, zima data tangu stesheni. Wako wanaosema simu haifai kuandikia kitabu. Inafaa, bora tu uzime notifikesheni na kioo kisiwe kimepasuka pale kwenye herufi a.

Sasa hili la kutosoma tuliingie vizuri kwa sababu ndipo watu wanaponibishia. Wanasema nitajuaje niliishia wapi? Jibu: kila ukimaliza, kabla hujafunga, andika mstari mmoja wa kesho. "Kesho: mama anagundua hela haipo kabatini." Basi. Kesho ukifungua unaangalia huo mstari tu, unaufuata. Na ukiweza acha kazi wakati bado unajua kinachofuata, usiandike mpaka ukauke kabisa, maana anayekauka leo kesho anaanzia kwenye ukuta.

Wanasema tena, je nikikumbuka kwamba kule sura ya pili nilisema mjomba alishakufa na huku nimemleta anakunywa chai? Mlete tu, anywe. Andika pembeni alama kama ## alafu "mjomba alishakufa, rekebisha", songa mbele. Hizo alama mbili mahali pengine kwenye kitabu hazitokei, kwa hiyo mwisho unazitafuta na simu inakupeleka mojamoja. Tumia alama hiyohiyo kwa kila kitu usichokijua. Kuna jamaa wa Nkuhungu kitabu chake kinaanza mwaka 1973, mwaka ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mhusika wake anashuka stesheni na begi la bati. Jamaa akakwama hapo, anatafuta nauli ya treni daraja la tatu ilikuwa shilingi ngapi, akauliza wazee, akaingia intaneti, akaanza kukusanya picha za zamani za stesheni, muda ukaenda na yule mhusika bado amesimama tu na begi lake. Nauli hiyo hakuna msomaji atakayeidai kwenye rasimu. Ungeandika "akalipa ##" na mhusika angekuwa ameshafika Majengo, ameshapata chumba, ameshapenda.

Wakulima wa zabibu wa hapa Hombolo na Makutupora wanajua kupogoa ni nusu ya kazi ya zabibu, lakini hakuna anayeingia na mkasi kwenye mche uliopandwa wiki iliyopita. Wewe sentensi ina dakika mbili tangu izaliwe umeshaikata.

Na hata ukiwa na msimamo kidole kitapanda juu chenyewe, kwa hiyo kiwekee vizuizi. Andika kila siku kwenye noti mpya badala ya faili moja refu, ule mstari wa kesho uuweke juu ya noti ya kesho, ya jana usiifungue. Anayeandika kwenye kauntabuku afunge kurasa za nyuma na klipu. Kuna dada mwalimu kule Mpwapwa anapunguza mwanga wa simu mpaka karibu haoni, anaandika anakosea spelingi hovyo, anasema hivyo ndivyo anavyopona. Sijaijaribu, macho yangu nayahurumia, ila kitabu chake kimeisha.

Kuhusu kutangaza. Usiweke status kwamba kitabu kinakuja. Pongezi zikishamiminika unajisikia kama umeshakiandika, hamu inaisha. Chagua mtu mmoja tu, asiwe mtu wa kukusifia, umtumie kila jioni namba: 260. 250. 0. 90. Namba tu, maandishi usimtumie, maana ukimtumia sura atatoa maoni na maoni yatakurudisha sura ya kwanza.

Ukikosa siku, imekwenda. Usilimbikize deni, kwamba jana sikuandika basi leo naandika 500, na nikikosa leo kesho 750, hilo deni ndo linazika vitabu vingi kuliko uvivu. Msiba ukitokea nenda msibani, ukirudi ni 250 zilezile.

Kisha jiandae na katikati. Mwanzo wa kitabu una utamu wake, mwisho nao unajivuta wenyewe, ila ukifika kama theluthi hivi kitu kinageuka uji, wahusika wanakaa tu wanaongea, na ajabu ni kwamba hapohapo litakujia wazo la kitabu kingine kizuri sana, kitamu, safi, kinachokuita. Usikiamini. Ni kizuri kwa sababu hujakiandika. Kipe ukurasa mmoja nyuma ya kauntabuku, andika wazo lote mpaka likutoke, funga, rudi kwenye uji wako. Na kama umekwama kabisa kwenye tukio, liruke. Andika "hapa wanagombana ##" uende kwenye tukio unaloliona vizuri, hata kama ni la mwisho wa kitabu. Hamna sheria inayosema rasimu iandikwe kwa mpangilio wa kurasa.

Tarehe ya mwisho inasaidia kama siyo ya kujitungia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kilele chake kimekuwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, kazi zenyewe zinapokelewa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo angalia tangazo la mwaka husika na vipengele vyake alafu uhesabu kurudi nyuma. Hata usiposhinda utakuwa na kitabu.

Nakala usisahau. Kauntabuku ipige picha kila Jumapili ujitumie kwenye imeili, mchwa wa huku hawachagui. Waandishi wa laptopu vilevile, flashi siyo mahali pa kutunzia kitu cha pekee.

Utajuaje imeisha? Hadithi ikifika mahali mhusika amepata au amekosa kile alichokuwa anakitafuta, hata kama umemfikisha kwa kumburuza, andika neno mwisho na tarehe. Usimpe mtu siku hiyo. Iweke kando wiki tatu nne, shughulika na shamba au ada, alafu siku moja pita stesheneri yoyote pale karibu na Jamatini, iprinti upande mmoja wa karatasi ili upate pa kuandikia, omba waifunge na spairo. Hiyo sasa unaruhusiwa kuisoma, na anza kwa kutafuta ## zote kabla hujagusa sentensi yoyote.