Nafasi ya kwanza ya utafiti katika udhibiti wa mtiririko: anza na nguzo moja

Nimesoma barua nyingi za vijana wanaotafuta nafasi ya kwanza ya utafiti katika mwendo wa giligili, yaani hewa, maji na kila kinachotiririka. Karibu zote husema mwombaji analipenda eneo hili. Chache mno huonyesha kitu alichokipima mwenyewe. Nataka uwe kwenye hizo chache, na kompyuta ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Chagua swali

Mwaka 1904 mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl alieleza tabaka la mpaka, lile tabaka jembamba la giligili linalogusana na uso wa kitu. Alionyesha pia kwamba ukifyonza giligili kidogo kupitia mwanya kwenye nguzo, mtiririko unaushika uso badala ya kubanduka mapema. Swali la udhibiti wa mtiririko, yaani kuugeuza mtiririko kwa makusudi, bado ni lile lile: ni kwa nguvu ndogo kiasi gani unaweza kugeuza mtiririko mkubwa? Chukua kipande kimoja tu: kubanduka kwa hewa juu ya bawa, kuchelewesha msukosuko, au ukinzani wa nguzo, yaani kani ya mtiririko inayoivuta nguzo nyuma. Mimi nashauri nguzo.

Hatua ya 2: Tengeneza ushahidi

Pakua OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko kwenye kompyuta; haina malipo. Iga mtiririko unaopita nguzo ya mviringo kwa namba ya Reynolds 100 (namba inayolinganisha mwendo wa giligili na mnato wake), katika pande mbili, yaani urefu na kimo tu, bila kina. Namba hii ina sababu. Ukivuka takribani 47, vizingia, yaani mizunguko ya giligili, huanza kuchomoka nyuma ya nguzo kwa zamu, juu na chini. Na hadi karibu 190 mtiririko bado ni wa pande mbili, kwa hiyo hesabu yako haidanganyi.

Majibu yanajulikana: mgawo wa ukinzani (ukinzani ulioandikwa kama namba isiyo na kizio) karibu 1.35, namba ya Strouhal (kipimo cha marudio ya kuchomoka kwa vizingia) karibu 0.165. Mara yangu ya kwanza ukinzani ulinijia mkubwa kupita kiasi. Nilikaa wiki nzima nikilaumu gridi, yaani vile vyumba vidogo ambavyo kompyuta huvitumia kuhesabu, kumbe kuta za pembeni za eneo la hesabu nilikuwa nimezisogeza karibu mno na nguzo, mtiririko ukabanwa. Basi rudia hesabu kwa gridi tatu, kisha ongeza upana wa eneo hilo, na uandike kila jibu kwenye jedwali. Jedwali hilo lina thamani kuliko picha ya rangi.

Halafu chora kani ya kuinua (inayoisukuma nguzo juu na chini) na kani ya ukinzani kwenye grafu moja. Ukinzani unatakiwa kupanda na kushuka mara mbili kila kani ya kuinua inapofanya hivyo mara moja, kwa kuwa kila kizingia, cha juu au cha chini, huvuta nguzo nyuma. Usipoliona hilo, usiendelee.

Sasa dhibiti. Zungusha nguzo: uso wake ukienda kwa takribani mara mbili ya kasi ya mtiririko, vizingia vinakoma. Inapendeza kutazama, lakini usiishie hapo. Zidisha torki, yaani msukumo wa kuzungusha, kwa kasi ya mzunguko upate nguvu uliyotumia, uilinganishe na ile uliyookoa kwenye ukinzani. Tafiti nyingi za udhibiti hujikwaa papo hapo, na anayeanza akiileta hesabu hiyo bila kuombwa, msimamizi humkumbuka.

Hatua ya 3: Jua pa kubisha hodi

Kwa anayetafuta uzamivu, tazama mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya. Inapokea watu wa uraia wowote, ila usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Taasisi ya von Karman nchini Ubelgiji, iliyoanzishwa 1956, ina mafunzo ya utafiti yenye mahandaki halisi ya upepo. Na mkutano wa mwaka wa kitengo cha giligili cha chama cha wanafizikia wa Marekani hufanyika Novemba. Muhtasari wa mawasilisho yake ni ramani nzuri ya nani anafanya nini sasa.

Hatua ya 4: Andika barua

Mistari kumi inatosha. Usianze na sifa zako, anza na kazi yao:

"Katika makala yenu mmepunguza ukinzani kwa kuzungusha nguzo. Nimerudia hali kama hiyo kwa namba ya Reynolds 100 na kuhesabu nguvu ya kuzungusha. Jedwali nimeliambatanisha. Je, mnadhani mzunguko wa kwenda na kurudi ungegharimu kidogo zaidi?"

Swali la mwisho liwe la kweli, ambalo wewe mwenyewe unatamani kujua jibu lake. Tuma kwa watu watano uliowasoma vizuri, usisambaze kwa hamsini. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja.

Hatua ya 5: Usaili

Utaulizwa umejuaje kuwa jibu lako ni sahihi. Fungua lile jedwali la gridi tatu, na anza kwa kueleza kosa la kuta.