Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Mashine ya Leza Nyumbani

Wengi wanaotafuta mashine ndogo ya kukata kwa leza huanza kwa kuuliza ina wati ngapi. Mimi ningeanza na swali jingine: unataka kukata nini? Mfuniko unaolingana na leza yako ukiwa umefungwa, mwali hubaki ndani. Moshi ndio unaokufikia, na ubaya wa moshi hutegemea ulichokiweka mezani.

Plaiwudi, karatasi ngumu, kitambaa cha pamba na akriliki hukatika vizuri, mradi moshi upate pa kutokea. PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, usiikate hata kipande kidogo. Ikiungua hutoa haidrojeni kloraidi, gesi ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi: kwenye mapafu yako, kwenye reli za mashine, kwenye lenzi. Tatizo ni kwamba PVC haitambuliki kwa macho. Ngozi bandia ya makochi na mikoba, stika za magari, turubai za mabango, nyingi ni PVC. Muuzaji akikwambia "hiyo ni plastiki ya kawaida tu", pima mwenyewe.

Kipimo chake ni rahisi, na ni jaribio zuri la kemia kuwaonyesha wanafunzi. Chukua kipande cha waya wa shaba, umenye plastiki yake yote (nayo kwa kawaida ni PVC), ukishike kwa koleo na kukichoma kwenye moto wa gesi mpaka moto usibadilike rangi tena. Kikiwa bado cha moto, kiguse kwenye plastiki unayoitilia shaka ili inate kidogo, halafu ukirudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, karibu kila mara ni klorini, na plastiki hiyo haifai kabisa kuingia kwenye mashine. Fanyia jaribio hili nje, ukisimama upepo unakotoka.

Moshi wa vifaa salama nao utolewe nje kwa feni na bomba fupi lisilo na kona nyingi. Kufungua dirisha peke yake hakutoshi.

Mashine zenye mrija wa kioo wa gesi ya kaboni dayoksaidi hutumia umeme wa volti zaidi ya 10,000, kwa hiyo fundi umeme ahakikishe waya wa ethi unafika ardhini kweli, si kuishia kwenye soketi. Mrija hupozwa kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Angalia chupa vizuri usije ukachukua asidi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, maji ya ndoo yanaweza kuwa na nyuzi 30 kabla hujaanza kazi, na mrija ukipata joto hupoteza nguvu na kuchakaa mapema. Chupa za barafu ndani ya ndoo husaidia, lakini usipozeshe kupita kiasi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi: mrija ukitoka jasho, umeme huo mkubwa unaweza kuruka. Ukiona matone, simamisha kazi.

Miwani ya kukinga macho inunuliwe kwa kuangalia namba ya urefu wa wimbi iliyoandikwa juu yake. Mwali wa mrija una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, hauonekani, na mfuniko wa akriliki angavu huuzuia. Mwali wa bluu wa mashine za dayodi, zisizotumia mrija, wa nanomita 450 hivi, hupenya akriliki hiyohiyo. Miwani ya mmoja usidhani inafaa kwa mwingine.

Usiache mashine ikikata peke yake, hata kwa dakika moja. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi, kwa kuwa ule wa unga utazima moto lakini utaharibu lenzi na vioo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, pampu na feni husimama pamoja, na moshi hubaki ndani. Zima swichi ya leza, chungulia kama kuna kaa linalowaka, na uache mfuniko umefungwa. Umeme ukirudi, washa kwanza feni na pampu, uone kwa macho maji yanazunguka ndani ya mrija, ndipo uwashe leza.