Mkasi Uwe Mkononi mwa Mwenye Kisa

Unapowafundisha vijana kurekodi visa vyao wenyewe kwa sauti, siku ya kwanza usitoe vifaa. Ukiweka maiki mezani mapema, kijana anageuka msomaji wa taarifa ya habari: sauti inakuwa nzito, maneno ya kuazima, na yeye mwenyewe humuoni tena. Mimi huwaambia kila mmoja aje na kitu kidogo ambacho hawezi kukitupa. Binti mmoja alileta ufunguo wa nyumba waliyohama zamani. Nikamuuliza tu, "Huu unafungua nini?" Akaongea dakika 11 bila kusimama.

Lile swali la "changamoto zinazowakabili vijana" liache kabisa. Majibu yake wameyakariri tangu darasani.

Kurekodi, simu inatosha. Iweke kwanza kwenye hali ya ndege, maana simu huita pale pale mtu anapofikia penye uchungu. Ishikwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" itapuliza kama upepo. Chumba chenye mapazia na nguo nyingi hakina mwangwi. Anayerekodi avae visikizio wakati huohuo, asingoje baadaye, kwa sababu sikio limeshazoea mngurumo wa friji na halimwambii kitu. Mkimaliza, nyamazeni nyote nusu dakika huku mkiendelea kurekodi. Ukimya huo wa chumba ndio mtakaozibia mishono, pale sauti ilipokatwa na kuunganishwa.

Kwenye kuhariri ndipo wakufunzi wengi tunapoharibu, na mimi ni wa kwanza. Kisa cha ufunguo nilikisafisha peke yangu usiku: nikatoa kigugumizi, nikatoa kimya kirefu, nikatoa kicheko kilichokuja kabla ya sentensi ya kuhama. Niliona kimenyooka. Binti akasikiliza, akavua visikizio taratibu. "Mwalimu, huyu si mimi. Mimi hapo nilicheka."

Bahati nzuri rekodi asili ilikuwepo. Kwa hiyo: rekodi asili haiguswi, mnakata nakala, na anayekata ni mwenye kisa. Wewe kaa pembeni, mwonyeshe kitufe, basi. Ataenda polepole, utawashwa mikono. Vumilia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, mwongozaji Colin Low alipiga filamu fupifupi za wanakijiji, nao wakazitazama kwanza wenyewe kabla ya watu wa nje. Walikuwa na haki ya kukataa kipande kisionyeshwe.

Ridhaa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya kusikia kazi iliyokamilika, kwa kuwa ile ya kwanza alitoa bila kujua atasema nini. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi naye akubali. Mwenye kisa muulize pia kuhusu waliotajwa ndani: mama, kaka, yule mpangaji. Kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu. Jirani humtambua kwa sauti, hata kwa anavyokohoa. Tena kinachowekwa kwenye intaneti hakirudi kirahisi.

Kabla ya kurusha hewani, sikilizeni wawili, wewe na mwenye kisa, kidole chake yeye kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha. Yule binti alisimamisha mara 3. Mara ya mwisho alitoa jina la mtaa. Kicheko alikiacha.